Nasaha kwa Kijana Aendaye Ng'ambo Kuhudumia Watoto

Mjukuu wangu mmoja, binti wa mpwa wangu, aliyezaliwa na kukulia Minneapolis katika nchi ya Marekani, na ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia nyumbani zaidi kuliko cha kusoma, alinipigia simu usiku mmoja kunipa bishara kwamba kanisa lao limemteua awe miongoni mwa vijana 12 watakaosafiri likizo ijayo kuja kaskazini mwa Tanzania, wakae siku 14 katika makao ya watoto, wawafundishe nyimbo, wacheze nao, wapake rangi ukuta wa bweni, kisha warejee kwao. Sauti yake ilijaa furaha ya mtu aliyeitwa kwenye jambo kubwa. "Babu," alisema, "niombee dua, na unifundishe nikifika niwaambie nini wale watoto." Dua nilimwombea papo hapo. Kwa swali la pili nilimwomba anipe muhula, maana nilijua kuwa jawabu lake si fupi, na kuwa sehemu yake moja ingemuuma.

Yale niliyomwandikia baadaye nayaweka hapa mbele ya wasomaji, kwa sababu si yeye peke yake aliye katika njia hiyo. Zamani wageni wa namna hii walikuwa Wazungu tu. Leo wamo humo watoto wetu wenyewe, waliozaliwa Leicester na Toronto na Columbus kwa wazazi wasemao Kiswahili, na wamo vijana wa Nairobi na Dar es Salaam ambao jumuiya zao za dini, za kanisa na za msikiti, huwapeleka nchi za jirani na za mbali kwa kazi ya hisani. Wazazi wao huombwa ruhusa na nauli, nao hutoa vyote viwili kwa moyo mkunjufu pasipo kuuliza neno, maana ni nani atakayemzuia mwanawe kutenda mema? Mimi sisemi azuiwe. Nasema aulizwe, naye ajiulize, kabla ya kupanda ndege.

Nalikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji mmoja wa pwani, na kwa muda wa miaka 6 nilikwenda kila jioni, baada ya saa za shule, kuwasaidia masomo watoto wa makao yaliyokuwa chini ya jumuiya moja ya dini. Walikuwapo watoto 34, walezi wanne, mpishi mmoja, karani mzee, na mlinzi aliyekuwa pia mtunza bustani ya mchicha. Kila mwaka, tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti, walikuja vijana kutoka ng'ambo, kundi baada ya kundi, kila kundi na fulana zake za rangi moja, kila kundi na siku zake 10 au wiki zake tatu. Gari lilipopinda penye mwembe watoto walikuwa wamekwisha kulisikia. Wadogo wakakimbia mbele, na kabla mgeni hajatia mguu wa pili chini, mtoto mmoja alikuwa mgongoni mwake, wa pili amemshika mkono wa kulia na wa tatu mkono wa kushoto. Aghalabu mgeni alitokwa na machozi. Aliona amependwa na watu asiowajua, na aliporudi kwao alisimulia kwamba hajapata kuona watoto wenye mapenzi kama wale.

Nami mwaka wa kwanza nilidhani vivyo hivyo. Aliyenifumbua macho ni mlezi mmoja, mama wa makamo, ambaye jioni moja nilimkuta kibarazani akichambua mchele katika ungo. Aliniuliza, pasipo kuinua uso, "Mwalimu, mwanao wa kumzaa, akishuka garini mtu asiyemjua, hufanya nini?" Nilimjibu kwamba hujificha nyuma ya kanga ya mama yake, akachungulia. "Basi," akasema, "hawa humkimbilia kila mtu kwa sababu hawana kanga ya kujificha nyuma yake." Akaendelea kutoa mawe katika mchele, moja moja, akiyatupa uani.

Baadaye nilifahamu kwamba aliyoyajua mama yule kwa kuishi na watoto, wenye elimu walikuwa wamekwisha kuyaandika. John Bowlby, tabibu wa nafsi wa Uingereza, alitoa mwaka 1951 ripoti aliyoandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, akasema humo kwamba mtoto mdogo huhitaji mtu mmoja wa kudumu, mama yake au mwingine aliyeshika mahali pake daima, kwa afya ya nafsi yake, kama vile mwili wake unavyohitaji chakula chema. Mwaka uliofuata mwenzake, James Robertson, alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili na ushei, aliyelazwa hospitali siku 8, akimwona mama yake kwa saa za kutazamwa wagonjwa tu. Hakuwa mtoto wa makelele. Huzuni yake ilikuwa ya kimya, na mama alipokuja, badala ya kumrukia, alimgeuzia uso. Ilikuwa siku 8 tu, na mama alikuwa hai, na alikuwa akija! Filamu hiyo ni katika mambo yaliyowafanya wakubwa wa hospitali za Uingereza, baada ya ubishi mrefu, wakubali mama wakae na watoto wao.

Sasa fanya hesabu nami. Ikiwa makao yapokea makundi matano kila mwaka, mtoto aliyeingia akiwa na miaka miwili, siku atimizapo miaka 8 amekwisha kuagwa mara 30 na watu waliomkumbatia, waliomwita kipenzi chao, waliolia walipopanda gari. Hakuna mtu mzima awezaye kustahimili hayo moyo wake ukabaki mzima. Mtoto hustahimili kwa kujifunza kumpenda kila mtu kidogo na asimpende mtu yeyote sana, na ilimu hiyo, akiisha kuipata, humfuata mpaka katika ndoa yake.

Palikuwa na mvulana wa miaka 7 aliyeahidiwa na kijana mmoja mwema, ambaye simlaumu, kwamba "mwakani nitakuja tena." Kwa watu wazima neno hilo ni salamu ya kuagana. Mtoto hakulijua hivyo. Alichora mistari ukutani kwa ncha ya msumari, nyuma ya kitanda chake, mstari mmoja kila Jumapili, na siku tulipovuta vitanda ili kundi jingine lipake rangi, niliinama nikaihesabu, ikawa 61. Vijana wale walipaka rangi ya samawati juu yake, wakiimba, nao hawakujua walichokifunika. Ndiyo sababu mjukuu wangu aliponitajia ukuta wa bweni nilinyamaza kwenye simu mpaka akadhani mtandao umekatika.

Huenda mtu akasema kuwa kazi ya misheni ndiyo ilivyo, watumishi huja na huenda. Katika pwani yetu haikuanza hivyo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akawazika hapo mkewe na mwanawe mchanga mwaka ule ule, wala hakuondoka kwa msiba huo. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na hakurejea kwao Ujerumani mpaka mwaka 1875, akiwa kipofu. Unguja, mwaka 1864, Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa katika majahazi ya watumwa, na huo ndio ukawa mwanzo wa shule ya misheni ya Tozer. Edward Steere, aliyefuatana na askofu huyo, alianza kwa kujifunza lugha, akatoa kitabu chake cha kuifundisha mwaka 1870. Na mmoja wa wavulana wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Yako mengi ya kuwalaumu wageni wale, na wanahistoria wetu wameyasema kwa insafu. Walakini hawakudhani kwamba mtoto aliyeporwa kwao hulelewa kwa majuma mawili. Baina ya mtoto aliyeshushwa jahazini na shemasi aliyesimama madhabahuni ipo miaka 15.

Sikuambii, mwanangu, ukae miaka 15. Unayo masomo, unao wazazi, na likizo yako ina mwisho. Nakuambia kwamba mwenye siku 14 asijitwike kazi ya mwenye miaka 15, maana kazi hiyo ikikatwa katikati humwumiza yule yule uliyemkusudia mema.

Liko jambo jingine, nalo ndilo lililomuuma mjukuu wangu zaidi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwaambia waliomchangia nauli kwamba anakwenda kwa mayatima. Katika lugha yetu yatima ni neno zito. Mila zetu zina haki zake na dini zetu zina amri juu yake, na mtu hapewi jina hilo ovyo. Lakini wengi wa watoto walio katika nyumba ziitwazo za mayatima, katika nchi nyingi, wana baba au mama aliye hai. Walifikishwa huko na umaskini, au ugonjwa, au kwa sababu nyumba ile ina shule na mlo wa mchana ambao mama hawezi kuutoa. Kambodia ni mfano ulioandikwa sana: baina ya mwaka 2005 na 2010 idadi ya nyumba hizo iliongezeka kwa asilimia 75, wala hapakuwa na vita wala tauni iliyozidisha mayatima, kilichozidi ni watalii na wafadhili waliopenda kuzizuru, na watoto kama watatu katika kila wanne walikuwa na mzazi mmoja hai angalau. Haiti, baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, wamishonari 10 kutoka Marekani walikamatwa karibu na mpaka wakiwapeleka watoto 33 Jamhuri ya Dominika pasipo idhini ya serikali, na baadaye ikadhihirika kuwa wazazi walikuwapo. Naamini walio wengi miongoni mwa watu wale walitaka kuokoa. Walikuwa wametanguliza huruma mbele ya swali jepesi kabisa: mtoto huyu ni wa nani?

Ni kwa ajili hiyo Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Desemba 2019, likayataka mataifa yachukue hatua dhidi ya madhara ya utalii na kujitolea katika nyumba za mayatima. Kijana asomaye haya asidhani basi kwamba kila makao ni biashara. Wako watoto wasio na mtu kabisa, na ziko nyumba zinazoendeshwa kwa uadilifu na watu waliochoka ambao hawajapata shukrani. Lakini nyumba inayotaka wageni wengi iwezekanavyo, isiyokuuliza cheti cha polisi, inayokuruhusu umchukue mtoto matembezini siku ya pili ya kufika kwako, na ambayo watoto wake huacha masomo ili waje kukuimbia, hiyo jiepushe nayo hata kama aliyekuelekeza ni mchungaji wako.

Sasa, je, asiende? Mjukuu wangu aliniuliza hivyo kwa sauti iliyovunjika, na nilimjibu kwa kumsimulia habari ya mgeni mmoja ambaye watoto wa makao yetu hawamkumbuki.

Alikuwa kijana wa Kiholanzi, akisomea uhasibu, naye alikuja kwa wiki 8. Siku ya kwanza alifanya jambo ambalo sikuona mgeni mwingine akilifanya: aliwaendea walezi jikoni, kupitia kwa karani aliyejua Kiingereza, akawauliza ni kazi gani inayowashinda. Yule mama wa ungo alimjibu, "Sabuni, na mtu wa kusoma makaratasi yale." Makaratasi yale yalikuwa katika sanduku la bati ndani ya stoo, barua za polisi, barua za watendaji wa vijiji, kadi za kliniki, vipande vya daftari vilivyoandikwa na majirani, nusu yake vimeliwa na mchwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa habari yote ya asili ya watoto 34. Kijana alinunua sabuni katoni mbili. Kisha akakaa stooni na karani yule mzee, mmoja akisoma kwa sauti na kufasiri, mwingine akiandika katika daftari kubwa alilolipiga mistari kwa rula: jina la mtoto, kijiji, ukoo, aliyemleta, jamaa ajulikanaye, tarehe ya habari ya mwisho. Walikaa humo zaidi ya mwezi, mlango wazi kwa sababu ya joto na vumbi. Watoto walipita, wakachungulia, wakaona hakuna mchezo, wakaenda zao. Daftari lilipokwisha, watoto 19 walikuwa na jamaa mwenye jina na mahali.

Daftari lile alilichukua afisa ustawi wa jamii, akaanza kuandika barua na kupanda mabasi. Kwa miaka miwili watoto 7 walirudi kwa watu wao, si kwa kutupwa tu, bali kwa kutazamwa na kusaidiwa ada na chakula kila muhula. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 9 ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa Korogwe siku zote, akiamini kwamba mtoto alikwisha kufa pamoja na mama yake. Nilikuwapo bibi huyo alipokuja. Alikaa chini sakafuni, akavua kanga yake ya juu, akaitandaza, akaipigapiga kwa mkono kumwita mtoto aje aketi juu yake. Mtoto alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Kisha akaenda akaketi, lakini nyuma ya bibi, akatuchungulia sisi.

Hii ndiyo nasaha yangu yenyewe, na mengine yote ni matawi yake. Kijana mwenye siku chache amtumikie yule anayemlea mtoto, asishike mahali pake. Mlezi akipumzika, mtoto atapata mlezi mwenye saburi. Mlezi akijifunza, mtoto atafaidi ujuzi huo mgeni akiwa amekwisha kurudi kwao. Fua nguo. Chota maji. Tengeneza madirisha ikiwa wewe ni seremala kweli, na ikiwa huwezi, mlipe fundi wa mtaani, maana nauli ya ndege yako peke yake ingemlipa muda mrefu, na ukuta uliopakwa na asiyejua hupakwa tena. Ukiwa muuguzi, wafundishe walezi. Ukiwa mwalimu, kaa nyuma ya darasa, umsaidie mwalimu wao kusahihisha madaftari. Watoto watakuona, watakuamkia, mtacheza mpira jioni uwanjani mbele ya watu wote, na hilo litatosha. Pendo lipo hata pale usipolibeba mgongoni.

Mwenye kazi yake na akae nayo mahali pa wazi. Usiwe peke yako na mtoto chumbani, wala garini, wala stooni, usilale katika bweni lao, wala usimchukue kwenda naye hotelini hata kwa soda. Usione kwamba unashukiwa ukiambiwa hivyo. Mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma City ilimfunga miaka 40 kijana aliyekuja Nairobi kujitolea katika makao ya watoto na kuwanajisi; naye alipokelewa kwa nyimbo kama wengine. Sharti limwekewalo kila mgeni humlinda mtoto na mgeni mwenyewe pamoja. Na ikitokea mtoto akakwambia kwamba ametendwa uovu na mtu, msikilize mpaka mwisho kwa uso usioshtuka, usimhoji kama polisi, wala usimwahidi kuficha siri, maana siri hiyo huwezi kuiweka. Mwambie amefanya vyema kusema, kisha peleka habari siku ile ile kwa mkubwa asiyehusika na uovu huo, au kwa afisa ustawi wa jamii. Tanzania na Kenya zote mbili zina simu ya bure ya msaada kwa mtoto, nambari 116. Iandike kabla ya kuondoka nyumbani.

Picha nazo ni amana. Huwezi kuingia katika nyumba ya jirani yako Minneapolis ukampiga picha mwanawe akiwa kifua wazi, kisha ukaitangaza kwa watu elfu. Basi usifanye hivyo mahali ambapo mama wa mtoto hayupo kukukataza. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima, atatafuta kazi na mchumba, na picha ile ya makamasi na maneno ya huruma yaliyoandikwa chini yake itakuwa ingali ikizunguka duniani. Ukitaka kuwaonyesha waliokuchangia, waonyeshe jiko, kisima, daftari, mikono ya mama achambuaye mchele ikiwa amekubali.

Habari za karatasi na afya nazipitia upesi. Tanzania haimhesabu mwenye kujitolea kuwa mtalii, hata kama halipwi. Kibali cha ukaazi cha daraja C ndicho kiwahusucho wamishonari na wenye kujitolea, na wanaokualika wanapaswa kukueleza mapema ni kibali gani kinachokufaa. Makao yenyewe yawe na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwone daktari juu ya malaria na homa ya manjano wiki kadhaa kabla ya safari. Ukipatwa na mafua ukiwa huko, kaa mbali na watoto wachanga.

Juu ya lugha siwezi kwenda upesi. Mtu anayekuja kwetu bila kujua kusema shikamoo amewanyima wazee wa nyumba ile haki yao ya kwanza, na watoto wanaona. Wakimwona mgeni akimwamkia mpishi kwa taadhima, akingoja kuitikiwa marahaba, akipokea uji kwa mikono miwili, wanajua kwamba watu wanaowalea wana adhama hata machoni mwa aliyetoka mbali. Na wakimwona akimpita mpishi kama mlango, wanajifunza hilo pia. Zawadi vivyo hivyo. Mkabidhi mlezi kile ulichokuja nacho, viatu au kalamu au peremende, yeye ndiye agawe kwa wakati wake na kwa mkono wake, ili mtoto ashukuru mtu atakayekuwapo kesho. Ukigawa wewe umewafanya walezi kuwa watu wa kukataza na wewe mtu wa kutoa, kisha ukaondoka.

Na siku ya kuondoka usilie mbele yao, wala usitoroke usiku. Sema tangu siku ya kwanza kwamba utakaa siku 14, hesabuni pamoja ikiwa wanataka, na mwisho uage kwa kila jina, mchana, walezi wakiwa wamesimama hapo. Usiahidi kurudi. Ukirudi, itakuwa furaha isiyotazamiwa. Usiporudi, hakuna atakayechora ukuta.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa nauli, andika barua. Usimwandikie mkuu wa safari kwenu. Waandikie watu wa makao. Waulize watoto wao wangapi wana jamaa wanaojulikana, na nini kinafanywa ili warudi kwao. Waulize ni sheria gani zinazomfunga mgeni. Waulize walezi wenyewe wanahitaji nini ambacho wewe unakijua. Kisha ngoja jawabu, na jawabu lisipokuja, au likija na namba ya akaunti peke yake, tafuta mahali pengine pa kupeleka nguvu zako, ambapo huenda pakawa mtaa wa pili kutoka kwenu.

Barua ya mjukuu wangu ilijibiwa baada ya wiki tatu. Walezi walisema wamealikwa mafunzo ya siku nne mjini juu ya malezi ya watoto wenye ulemavu, nao hawajapata kuyahudhuria kwa sababu hakuna wa kuwashikia kazi za nyumba. Wageni wakikubali kufua, kupika na kufagia chini ya mpishi, walezi watakwenda wawili wawili kwa zamu, na wawili watabaki na watoto. Vijana wanne katika wale 12 wamejitoa katika safari. Ukuta wa bweni utapakwa na fundi wa hapo hapo, kwa ujira. Mjukuu wangu anaondoka mwezi wa Julai, na siku hizi kila Jumamosi tunafundishana kwenye simu maneno atakayoyahitaji: kuroweka, kufua, kusuuza, kukamua, kuanika.